Medali za Wamarekani kwenye mkeka wa Kambo

Mpaka mwezi uliopita nilikuwa nimesahau kwamba yule mama aliwahi kuwa na pua. Nilikuwa nimemfahamu tangu sijang'oa meno ya utoto: amepiga goti moja, mkono mmoja umeshika upanga, mwingine ameunyosha juu, na mahali pa uso wake pakaja kulainika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Kisha mtoto wa kaka yangu, anayesoma mbali, akanitumia picha kwenye simu. "Tantine, hii haiko ile ya kwa Kambo?" Ilikuwa ndiyo, medali ileile ya nyumbani kwa bibi yangu, ya maonyesho yaleyale ya Philadelphia, Marekani, ila hiyo waliyokuwa wakiiuza huko ilikuwa na rangi ya chai, na mama wa watu alikuwa na pua, macho na midomo, na mikunjo ya nguo yake ilionekana yote. Nilishangaa na simu mkononi mpaka sombe, kisamvu chetu, ikaungua, nikacheka peke yangu jikoni. Ndipo nikaona heri niandike, maana kwa umri wetu huu mtu akichelewa kidogo anaanza kutia chumvi.

Baba alikuwa na duka dogo la vyuma huku kwetu Panda, kwenye mji wa shaba wa Katanga. Si la vyuma vipya. Alikuwa akinunua vitasa, bawaba, mabomba na vishikio vya milango kutoka kwenye nyumba za zamani, zile ambazo wenyewe walihama, akavitia mafuta, akavipanga kwenye rafu na kuviuza tena. Watoto wa kambi nzima ya wafanyakazi walimletea. Wengine walileta vitu vizuri, wengine walileta mitraille tupu, yaani chuma chakavu kisichofaa hata kufungia mbuzi, na Baba alikuwa hana moyo wa kumrudisha mtoto mikono mitupu. Mama alikuwa akisema kwamba mume wake amefungua nyumba ya wagonjwa wa chuma.

Ndani ya kopo la misumari kutoka kwenye nyumba mojawapo ya zile, Baba alikuta medali ya kwanza. Wazee wa Panda walisema katika nyumba hiyo aliwahi kukaa mhandisi wa Kimarekani, enzi walipokuja Wamarekani kusaidia kuwasha tanuru za shaba, na kwamba baba wa mhandisi huyo, au babu yake, alikuwa akizunguka maonyesho makubwa ya kwao katika ile karne ya kumi na tisa. Huko, mji mmoja ulikuwa ukijenga majumba, ukaonyesha mashine, pamba, mahindi na taa, na watu wakarudi nyumbani na medali ya ukumbusho. Mimi sijui kama ni kweli kuhusu huyo babu. Ninachojua ni kwamba kopo lilifuatwa na kisanduku, kisanduku kikafuatwa na mfuko wa kitambaa, na kila kilichotoka kwenye nyumba ile Baba alikipitia kwa vidole, polepole, kama mama anayechambua mchele.

Alizipenda kwa namna ambayo sijamwona akipenda kitu kingine cha dukani. Jioni akishafunga mlango, alikuwa akizitoa kwenye flaneli na kuzipanga mezani chini ya taa, kama umeme wa bwawa la Mwadingusha umekubali siku hiyo, na mimi nilikuwa na ruhusa ya kuangalia mikono ikiwa nyuma. Nilizisoma kwa akili yangu mwenyewe. Mama wa upanga niliamua kwamba hereni yake imeanguka na anaitafuta. Yule wa medali kubwa ya Chicago, mzungu aliyekanyaga nchi kavu huku ametanua mikono yote miwili, niliamua kwamba ni mwenye duka anayewaambia watu bidhaa zimekwisha. Kulikuwa na nyingine yenye jengo refu la nguzo, ambalo kwangu lilikuwa parokia. Baba hakunisahihisha hata siku moja. Nikimuuliza, "Baba, hereni ilipatikana?" alikuwa akijibu, "Bado, mama. Angali anatafuta."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Mama yake, yaani bibi yangu, sisi tulimwita Kambo kama wanavyoitwa mabibi wote huku kwetu, na yeye aliniita majina, ndivyo wanavyoitana watu wa jina moja. Watu wa kwao ni Waislamu wa upande wa Kasongo, walioshuka Katanga na biashara zao tangu zamani. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na mkaidi kuliko bawaba zote za duka la Baba. Alikaa nasi tangu babu alipofariki.

Kambo alikuwa na dini mbili: ya kwanza Uislamu, ya pili shaba. Siku moja kabla ya Idi, shaba yote ya nyumba ilitoka nje. Birika la kunawia, sinia kubwa, chetezo cha ubani, vishikio vya kabati, sahani ya kufuliwa yenye picha ya swala. Kambo alichekecha majivu ya mbabula, ule moto wetu wa makaa, mpaka yakawa laini kama unga wa mtoto, akakata ndimu, akatia chumvi kidogo, akakaa juu ya mkeka uani na miguu ameinyosha, akaanza kusugua. Jirani zetu Wakatoliki walifanya hivyohivyo kabla ya Noeli. Mji wetu unaishi kwa shaba, na nyumba ambayo shaba yake imefifia siku ya sikukuu ilionekana kama nyumba yenye ugonjwa. Harufu ile ya ndimu na chuma kilichopata joto la mikono, hata leo nikiikuta mahali, tumbo langu linadai pilau.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wakati ule mimi sikulijua, wala Kambo, wala Mama. Alikuwepo Monsieur Anselme, mzee wa Lubumbashi, mfamasia aliyestaafu, aliyekusanya sarafu na medali tangu ujana wake. Alisikia habari za Baba, akaja dukani, akazipenda, wakawa marafiki. Yeye alikuwa na medali moja ya maonyesho ya Omaha: upande mmoja kichwa cha mwanamke, upande wa pili mpanda farasi mwenye mkuki anamfukuza mbogo. Baba alipoishika mara ya kwanza alishindwa kuirudisha. Monsieur Anselme akamwambia kwamba yuko tayari kubadilishana, mbogo kwa mama wa upanga, kwa sababu yeye hakuwa na wa Philadelphia aliyetunzwa vizuri namna ile. Ila akamwonya: rangi ile ya chai ndiyo ngozi ya medali, imeota kwa miaka mingi, na ikisuguliwa hairudi. Mtu mwenye kukusanya hataitaka tena. Baba akaitikia, akazifunga vizuri kwenye flaneli, akaziweka kabatini chini ya vitambaa vya meza. Onyo hilo hakumwambia mtu, kwa sababu hakuwaza kwamba kuna mtu wa kuambiwa. Wakapatana kwamba Monsieur atakuja siku ya Idi, ale pilau, na mabadilishano yafanyike hapo mezani.

Baba alihesabia siku hiyo kuliko sisi tuliokuwa tukisubiri nguo mpya. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba mbogo atakaa katikati, wengine wote wamzunguke. Mama akamuuliza kama mbogo huyo anachinjwa.

Siku moja kabla ya Idi, asubuhi, Baba aliondoka kwenda kutafuta mchele na mbuzi. Kambo akaingia kabatini kutafuta kitambaa cha meza. Sote tulijua kwamba mgeni wa Lubumbashi anakuja kwa ajili ya zile medali, nyumba nzima ilijua. Akafungua flaneli, akaziona, akashika kiuno. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Yo, majina," alisema. "Tazama baba yako. Muntu anatoka Lubumbashi kuona shaba, na shaba iko chafu hivi. Angetupatisha haya."

Akazichukua zote, akaenda nazo mkekani. Mimi kazi yangu ilikuwa vijiko, hapohapo kando yake. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi kwa furaha namna ile. Alisugua mpaka jua likawa utosini, akasuuza, akakausha kwa upande wa ndani wa kitenge, na kila moja aliinua na kuiangalia, kisha akaniangalia mimi, kisha akaiweka. Zilitoka nyekundu, zinawaka. Mama wa upanga alionekana kama ametoka kuoga. Nilifikiri kwamba sasa hereni ataiona.

Baba alirudi na mbuzi saa ya alasiri, na Kambo hakumwambia kitu. Alitaka kumshangaza. Alizipanga kwenye sinia, akazifunika kwa kitambaa cha kufuma, akaliweka sinia juu ya kabati.

Siku ya Idi, wanaume waliporudi kutoka msikitini, Monsieur Anselme alikuwa amekwisha kufika na koti lake na miwani yake. Akakaribishwa, akapewa maji kutoka kwenye birika linalong'aa, akamsifia Kambo birika. Sebule ilijaa harufu ya pilau. Kabla ya chakula, akatoa mfukoni kifuko kidogo, akamweka yule mpanda farasi juu ya meza, mbele ya Baba. Baba akapangusa viganja kwenye kanzu, akasimama aende kabatini. Kambo akamwahi, akamwonyesha kiti.

"Ikala, mutoto yangu. Minye nimetengeneza."

Akaleta sinia, akaliweka katikati ya meza, akafunua.

Niliwaangalia wote wawili, maana ndiyo niliyokuwa nikiingojea tangu jana. Baba mdomo wake ulifunguka kidogo. Monsieur Anselme alivua miwani, akafuta macho yake kwa leso, akaivaa tena. Nilidhani uzuri umemtoa machozi. Akamchukua mama wa upanga, akamnusa, akamrudisha taratibu sana.

"Nani alipangusa bintu ibi?" akauliza.

Kambo alikuwa tayari anatabasamu, ameweka mkono kifuani ili ajibu. Baba akamkatiza.

"Ni minye, Monsieur. Ni minye mwenyewe. Jana asubui, na ndimu na majivu."

Jana asubuhi Baba alikuwa anatafuta mbuzi! Baba yangu, ametoka kuswali sasa hivi, bado amevaa kanzu, anakula jasho la mama yake mbele ya mgeni. Nilimtazama Kambo nikitegemea aseme ukweli. Kambo alimtazama mwanawe, akashusha mkono wake, akakaa.

Monsieur Anselme akaanza kusema Kifaransa. Alisema kwa haraka na kwa muda mrefu, anaonyesha medali moja baada ya nyingine, anatikisa kichwa, na mimi ambaye Kifaransa changu kilikuwa bonjour na merci nilijua kwamba ni sifa. Sifa zote anamwagiwa Baba, na Baba anazipokea, anaitikia "oui, Monsieur, oui," ameinamisha kichwa kwa aibu ya uongo, nilivyofikiri, kama bibi harusi.

"Anasema nini?" Kambo akauliza.

"Anasema hayaonaka shaba ya kungara hivi, mama. Tangu azaliwe."

Mzee wa watu akanyamaza. Nafikiri hapo ndipo alipotupia macho mikono ya Kambo iliyokuwa juu ya meza, vidole vimepauka kwa ndimu na kucha nyeusi kwa majivu, halafu mikono ya Baba, misafi. Akakohoa.

"Ni kweli, mama," alimwambia Kambo kwa Kiswahili. "Binangara kabisa. Ata kule kwetu Lubumbashi hatuna hivi."

"Basi mukule," Kambo akasema. "Chakula inapoa."

Wakala. Monsieur Anselme alikula vizuri, akasifu mbuzi, akacheka na Mama. Alipoondoka, mpanda farasi aliondoka naye mfukoni. Baba alimsindikiza mpaka barabarani, na kutoka dirishani nikamwona anarudi polepole, mikono nyuma, vile alivyokuwa akitutaka sisi tuangalie vitu vyake.

Nilimnunia Baba muda mrefu. Mimi nikinuna ninanuna kweli, nyumbani walikuwa wananiita wingu la Novemba. Sikumwelewa Kambo pia. Nilimuuliza, tukiwa tunachambua dagaa wa ziwa Tshangalele, juu ya nini alimwachia Baba aseme uongo. Alikuwa anavunja vichwa vya dagaa bila kuangalia.

"Nyamaza, majina. Mutoto yangu akisema ni yeye, acha ikuwe yeye."

Nikaona basi, hata yeye amekubali kudhulumiwa, mimi ni nani.

Na Idi iliyofuata, Baba mwenyewe alikwenda kabatini, akatoa flaneli, akaiweka kwenye mkeka karibu na birika. "Mama, na hizi," alisema. Kambo akasugua. Idi kubwa, akasugua tena. Miaka ikaenda hivyo. Nyota zilizomzunguka mama wa upanga zilianza kuyeyuka. Mwenye duka wa Chicago alipotewa na vidole, baadaye viganja, mpaka akawa mtu anayepeperusha mikono ya kanzu. Uso wa mama ukawa yai. Kila mwaka ziling'aa zaidi na kila mwaka palikuwa na kidogo zaidi cha kuangalia, na mimi niliamini kwamba ndivyo medali zilivyo, kwamba zinatengenezwa ili bibi za watu wawe na cha kusugua wakati wa Idi.

Nilikuwa nimeingia sekondari nilipojua. Monsieur Anselme hakuacha kuja, ingawa hapakuwa tena na cha kubadilishana. Alikuja kuzungumza tu. Siku hiyo alinikuta dukani namsubiri Baba, akakaa kwenye kreti.

"Kambo iko muzima? Angali anapangusa?"

"Anapangusa, kila Idi."

Akacheka mpaka akatoa ile leso yake. Kisha akaniambia yote, taratibu, kwa Kifaransa ambacho sasa nilikisikia: rangi ya chai, ngozi isiyorudi, na kwamba Idi ile, kwa ile dakika nzima ndefu, alikuwa akimgombeza Baba kama ambavyo hajawahi kumgombeza mtu mzima nyumbani kwake mwenyewe. Alimwita muuaji. Alimwambia hafai kushika hata kifuniko cha soda.

"Na yeye anasema oui, Monsieur," alisema. "Oui, Monsieur. Mpaka nikaona mikono ya kambo yako."

Nakumbuka nilikwenda nyuma ya duka, penye mabomba, nikalia kidogo. Nilikuwa nimemnunia mtu ambaye alikuwa amejibebesha aibu, na yeye akanivumilia miaka yote bila kujitetea.

Baba aliporudi nilimuuliza moja kwa moja. Alikuwa anapanga vitasa, hakugeuka.

"Ungefanya nini?" alisema. "Maji ilisha kumwangika. Mama alikuwa anacheka. Unataka nimwambie siku ya Idi, mbele ya mugeni, kama mikono yake iliharibu?"

"Lakini unamupatia kila mwaka, Baba. Ungezificha."

"Nikizificha atauliza." Akapuliza vumbi kwenye kitasa. "Medali, Wamarekani walifanya mingi. Banaibadirishaka. Mama yangu, nitamubadirisha na nani?"

Akaniapisha nisimwambie Kambo kamwe. Nikaapa. Na kuanzia hapo kila Idi nilipomwona Baba anabeba flaneli kuipeleka mkekani nilikuwa naona ni mimi na yeye tu, na Monsieur Anselme wake, dunia nzima, tunaojua.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilidhani kata ni mimi. Idi ya mwisho ya Kambo macho yake yalikuwa yamefifia. Alisugua kwa kupapasa, mimi nimekaa kando namkatia ndimu, nimeshakuwa mama wa watoto wawili. Alishika ya Philadelphia, akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na uso.

"Huyu alikuwaka na mupua," alisema.

Nikaendelea kukata ndimu.

"Majina, minye haiko mujinga. Kifaransa sikusikia, lakini ule uso ya muzee wa Lubumbashi niliujua. Ni uso ya muntu anafika pa matanga. Na baba yako akasema ni yeye alipangusa. Mutoto yangu hayapangusaka ata kijiko." Akacheka bila sauti, mabega tu. "Nikajua nimeharibu kintu ya bei."

Nilihisi ndimu inanichoma penye mkwaruzo wa kidole. Nikamuuliza basi juu ya nini aliendelea, miaka yote hii, mpaka zimekwisha.

"Kama ningeacha angejua kama ninajua. Alibeba uongo mukubwa hivi juu yangu, na kanzu ya Idi mu mwili. Minye nimuvunjie? Kila Idi nilikuwa nasema, leo atakataa, leo atasema mama, acha. Angesema, ningeacha. Lakini analeta. Analeta na mikono yake mbili." Akaiweka medali kwenye sinia. "Sasa usimuambie. Nikishaenda, njo utamuambia. Mbele ya ile siku, hapana."

Nikaapa tena. Nikawa nimeketi katikati ya watu wawili ninaowapenda kuliko wote, kila mmoja ameniapisha juu ya mwenzake, na katikati yetu sinia la shaba ambalo wote wawili wanalimaliza kwa mapenzi. Kicheko kilinibana mpaka nikasingizia moshi wa mbabula.

Alikwenda mwaka huohuo, taratibu, akiwa amelala, Mungu amrehemu. Monsieur Anselme, mzee kabisa sasa, alikuja matangani kwa gari la mwanawe. Alikaa na wanaume, na alipoaga alimshika Baba mkono kwa muda. Alipoachia, mpanda farasi alikuwa kwenye kiganja cha Baba, na rangi yake ya chai, kila unywele wa mbogo mahali pake.

"Hapana kubadirishana," mzee alimwambia. "Ni ya kwako."

Baba alikuwa ameisubiri medali ile tangu mimi nikiwa mtoto. Aliiweka peke yake, kwenye kisanduku chenye pamba, na nikienda kuwasalimia nilikuta amekifungua, anaangalia tu, mikono imetulia magotini. Nilikuwa nikitaka kumwambia maneno ya Kambo, na kila mara niliona bado kidonda kibichi, nikaacha.

Siku moja kabla ya Idi ya kwanza bila yeye, nilifika asubuhi na watoto wangu. Uani palikuwa kimya. Mkeka ulikuwa umetandikwa palepale, majivu yamechekechwa vibaya, na Baba amekaa juu yake na miguu ameinyosha, kichwa cheupe kimeinama, anasugua. Birika alikuwa amelimaliza, lina michirizi. Medali za zamani zilikuwa zimepangwa kwenye sinia, zinawaka kama vifungo vipya. Nikasogea kuona alichoshika. Alikuwa mpanda farasi. Upande mmoja, wa mbogo, ulikuwa umekwisha kuwa mwekundu.

Nilikaa chini kando yake.

"Baba. Kambo alijua."

Mkono wake ukasimama. Nikamweleza yote, uso wa mtu wa matanga, kijiko ambacho hajawahi kusugua, na jinsi alivyokuwa akingoja kila Idi aambiwe aache. Alinisikiliza bila kuinua macho, majivu yanamkauka vidoleni. Kwanza mabega yake yalianza kutikisika, nikaogopa, nikamshika. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yanashuka kwenye ndevu, bila sauti, vilevile alivyokuwa akicheka mama yake.

"Miaka yote ile," alisema alipopata pumzi. "Siye bote mbili." Kisha akaangalia medali kiganjani mwake, nusu shaba, nusu chai. "Na weye, mama. Ungeniambia mbele sijaanza huyu wa mbogo."

"Basi acha hapo, Baba. Upande wa pili bado muzima."

Akaigeuza, akautazama ule upande wa pili, yule mwanamke wa Omaha mwenye nywele zake na rangi yake yote. Akautazama vizuri, kama mtu anayeaga. "Mama yangu hayaachaka kazi nusu," alisema, akaokota ndimu, akaanza kusugua.